Kitengo cha Ununuzi si Kitengo cha Ulaji

Katika mazungumzo yetu ya vijiweni na ya maofisini, yapo maneno yaliyozoea kutembea pamoja hata hatuyashtukii tena. Mmoja akisema, "Fulani siku hizi yuko kitengo cha ununuzi," mwenzake hujibu bila kufikiri, "Basi huyo ameula." Hakuna anayeuliza huyo fulani ana ujuzi gani, amesajiliwa na bodi gani, wala ameinunulia taasisi yake nini na kwa bei gani. Inachukuliwa kwamba cheo chenyewe kimekwisha kujibu.

Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka ya kutosha kuona namna kauli hii inavyofanya kazi ndani ya vichwa vya vijana. Wapo wanaoichagua fani ya ununuzi na ugavi kwa sababu ya kauli hiyo. Wapo pia wanaoikimbia kwa sababu hiyo hiyo, wakihofia kuchafuka. Tunadhani makundi haya mawili yanapingana, ilhali yanakubaliana katika jambo la msingi: yote yanaamini kwamba ununuzi ni meza ya kulia, yakatofautiana tu katika kuamua kuketi au kutoketi.

Hoja yangu ni kwamba makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao tunalilipia sote katika zahanati zisizo na dawa na barabara zinazobomoka kabla ya mvua ya pili. Ununuzi ni taaluma. Mtu anaweza kuijengea maisha ya kazi yenye mafanikio na yenye kuridhisha nafsi. Lakini sharti kwanza ajue kazi yenyewe iko wapi, kwa maana sehemu yake kubwa haiko pale ambapo wengi wetu tunatazama.

Kazi iko wapi?

Tukisikia neno "zabuni", akili zetu huenda moja kwa moja kwenye siku ya kufungua zabuni na siku ya kumtangaza mshindi. Huko ndiko waandishi wa habari wanakoelekeza macho, ndiko wakubwa wanakopiga simu, na ndiko wenye tamaa wanakosubiri. Hata hivyo siku hizo ni kiungo kimoja katikati ya mnyororo mrefu. Kabla yake kuna kutambua hitaji, kupanga, kukadiria bei ya soko na kuandika sifa za kitu kinachotakiwa. Baada yake kuna kusimamia mkataba, kukagua na kupokea mali, kulipa kwa wakati, kutunza stoo na kuondosha kilichochakaa.

Tuanze na hatua za kabla, na historia yetu wenyewe itupe ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ya Tanzania ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa takribani paundi milioni 28. Wakati ule ule wapo waliohoji, ikiwemo Benki ya Dunia, kama mahitaji ya nchi yetu yalikuwa ya rada ya aina ile na ya bei ile. Swali hilo halikuhusu nani ameshinda. Lilihusu tulihitaji nini. Likishajibiwa vibaya, hakuna utaratibu wa kufungua zabuni, hata ungekuwa safi kama theluji ya Kilimanjaro, unaoweza kuliponya. Shauri lile lilikwisha Desemba 2010 katika mahakama ya London kwa faini ya paundi 500,000, na baadaye paundi milioni 29.5 zikarudishwa kwa ajili ya elimu ya watoto wa Tanzania.

Ipo sehemu ya kisa hicho ambayo wanafunzi wa ununuzi wangepaswa kuikariri. Kosa ambalo kampuni ile ilikiri mahakamani halikuwa rushwa. Lilikuwa kushindwa kutunza kumbukumbu sahihi za hesabu zake. Kampuni kubwa ya silaha, yenye mawakili wa kila aina, ilinaswa na daftari. Wahenga wetu walikwisha kulisema hilo kabla ya kuwapo mahakama hizo: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kisa cha pili ni cha mwaka 2006. Ukame ulishusha maji katika mabwawa, umeme ukawa wa mgawo, na nchi ikaingia mkataba wa dharura na kampuni ya Richmond ili izalishe megawati 100. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilieleza katika ripoti yake ya Februari 2008 kwamba kampuni ile haikuwa na uwezo wala uzoefu wa kazi iliyopewa. Waziri Mkuu, Edward Lowassa, alijiuzulu, ingawa alikana kutenda kosa, na Baraza la Mawaziri likavunjwa. Sisi tumelikumbuka tukio hilo kama kashfa ya kisiasa. Mwanataaluma wa ununuzi anapaswa kulisoma pia kama somo la mipango: nchi inayotegemea mvua kwa umeme wake, isipojiandaa kabla ya kiangazi, itanunua ikiwa na kiu, na mwenye kiu hachagui kisima. Si kila dharura inaanguka kutoka mbinguni. Nyingine huzaliwa maofisini, mtoto halali wa kutopanga.

Na hatua za baada? Huko ndiko kuliko kimya zaidi. Soma ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zile zinazowasilishwa bungeni kila mwaka mwezi wa Aprili. Utakutana mwaka baada ya mwaka na mambo yale yale: riba inayolipwa kwa wakandarasi waliocheleweshewa malipo, vifaa vilivyolipiwa lakini havikupokelewa, kazi zilizopokelewa bila kukaguliwa, mikataba isiyo na msimamizi. Haya hayana mvuto wa gazeti. Hakuna bahasha ya kaki chini ya meza. Pengine kuna mtu mmoja tu aliyetia sahihi bila kuhesabu magunia.

Ujuzi, si cheo

Ikiwa kazi iko katika ncha hizo mbili, basi mafanikio ndani yake yanahitaji ujuzi wa namna fulani. Kwanza ni kukijua kitu unachokinunua. Afisa anayenunua jenereta bila kuelewa mzigo wa umeme wa jengo lake, au dawa bila kuelewa tarehe za kuisha muda na masharti ya hifadhi, hanunui, anatia muhuri. Vijana wetu huhitimu wakiwa wamekariri vifungu vya sheria, jambo ambalo ni jema, lakini sheria haikuelezi ubora wa lami.

Chukua mfano mdogo wa hesabu. Ofisi inataka mashine ya kuchapishia. Mashine ya kwanza inauzwa shilingi 400,000, na wino wake wa shilingi 150,000 unachapa kurasa 1,000. Ya pili inauzwa shilingi 1,200,000, na wino wake wa shilingi 200,000 unachapa kurasa 10,000. Ofisi ikichapa kurasa 60,000 katika uhai wa mashine hiyo, ya kwanza itakuwa imekula shilingi 9,400,000 na ya pili 2,400,000. Aliyenunua "bei ya chini" ameipotezea ofisi shilingi milioni 7, na hakuna aliyeiba hata senti. Hapo ndipo ilipo thamani ya mtaalamu. Zidisha hesabu hiyo kwa magari, mitambo ya hospitali na mifumo ya kompyuta ya nchi nzima, ndipo utaelewa kwa nini viongozi wetu hupenda kurudia kwamba takribani asilimia 70 ya bajeti ya Serikali hupitia kwenye ununuzi.

Pili ni kuandika. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu wengi hudhani ununuzi ni kazi ya kuzungumza na wafanyabiashara. Ni kazi ya kalamu. Anayeandika sifa za kifaa ndiye anayeamua, pengine bila kujua, nani ataweza kushindana na nani atafungiwa mlango. Anayeandika taarifa ya tathmini ndiye atakayesomwa na mkaguzi miaka mitatu baadaye, mbele ya watu ambao hawakuwapo chumbani. Afisa asiyeweza kueleza kwa aya mbili zilizonyooka kwa nini amependekeza hiki na akaacha kile, hata awe mwadilifu namna gani, hana kinga.

Tatu ni usajili na kuendelea kusoma. Mzumbe, Chuo cha Elimu ya Biashara, Taasisi ya Uhasibu na vyuo vingine vinatoa wahitimu kila mwaka, lakini cheti cha chuo ni mlango tu. Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, inasajili, inatahini na inasimamia maadili. Kijana asiione bodi hiyo kama kikwazo cha ada. Taaluma isiyo na mlango wa kuingilia na wa kutolea watu haitaheshimiwa kamwe, na sisi tunaolalamika kwamba ununuzi umejaa wababaishaji tusishangae iwapo hatutaki kulinda mlango huo.

Simu ya mkubwa

Najua msomaji mwenye uzoefu wa ofisi za umma amekwisha kunyanyua kidole. "Daktari, hayo ya darasani ni mazuri. Lakini simu ya mkubwa ikilia?"

Swali hilo ni halali, na sitalijibu kwa mahubiri. Sheria zetu zimejitahidi. Ya mwaka 2001 ilifuatwa na ya 2004 iliyoanzisha Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, kisha ya 2011, na sasa ya 2023. Sheria nne katika miaka 22! Ndani yake majukumu yametenganishwa: Afisa Masuuli ana yake, Bodi ya Zabuni ina yake, kitengo cha ununuzi kina chake, idara inayohitaji kitu ina yake, na kamati ya tathmini ina yake, kila mmoja akitakiwa kutenda kwa uhuru. Shabaha ni kwamba simu moja isitoshe kuamua. Tangu 2023 umekuja pia mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambao umehamishia zabuni mtandaoni na kuacha alama ya kila hatua. Kijana mwenye kampuni ndogo Sumbawanga haitaji tena kusafiri hadi Dar es Salaam kununua makabrasha.

Nausifu mfumo huo, lakini tusiupe sifa zisizo zake. Mfumo unaweza kurekodi kwamba bei tatu zimewasilishwa; hauwezi kila mara kujua kwamba kampuni zote tatu ni za shemeji mmoja. Unaweza kuonyesha kwamba mali imepokelewa. Aliyebonyeza kitufe ndiye anayejua kama imepokelewa kweli. Mashine imeingia katikati ya mnyororo, pale tulipokuwa tukitazama siku zote. Ncha zake mbili bado ziko mikononi mwa binadamu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la simu ni hili: maagizo ya mdomo yajibiwe kwa maandishi. Si kwa ukaidi wala kwa majivuno, bali kwa lugha ya heshima ya kiofisi: "Kufuatia maelekezo yako ya leo, naomba kukutaarifu kwamba utaratibu unaotakiwa ni huu, na athari za kuuruka ni hizi. Naomba mwongozo wako." Barua ya mistari minne. Wakubwa wengi wakishaombwa kuandika walichokisema, hugundua kwamba hawakukisema.

Mmoja wa waliokuwa wanafunzi wangu alipelekewa hati ya mapokezi ya madawati 200 aitie sahihi, wakati yaliyofika shuleni yalikuwa 140. Hakugomba na mtu. Aliandika: "Yamepokelewa madawati 140 kati ya 200," akatia sahihi na tarehe, akabaki na nakala. Haikuwa bure. Alihamishiwa dawati lisilo na kazi kwa muda mrefu, na wapo wenzake waliomcheka. Ukaguzi ulipofika, waliohojiwa kwa siku kadhaa ni wengine; yeye aliombwa nakala yake tu. Simwelezi hapa kama mtu aliyepewa tuzo, kwa sababu hakupewa. Namweleza kwa kuwa analala usingizi, na kwa kuwa shule ile ilipata madawati 60 yaliyobaki.

Hapa ndipo ninapowageukia maafisa masuuli na wakuu wa taasisi. Ni jambo la aibu kwamba mara nyingi tunaposikia "waliohusika wamechukuliwa hatua", wahusika hao ni maafisa wadogo wa ununuzi, wakati aliyetoa agizo hajaguswa kwa sababu agizo lake halikuandikwa. Tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Tujiulize kwa unyofu: ni afisa ununuzi gani wa halmashauri anayeijua, na anayeamini kwamba itamlinda? Taasisi inayomhamisha mtu kwa sababu amehesabu madawati kwa usahihi inawafundisha waliobaki wasihesabu.

Kwa vijana, na kwa wanaharakati

Kijana unayesoma fani hii, au unayefikiria kuisoma, nakushauri mambo machache.

Chagua eneo moja la bidhaa au huduma ulijue kwa kina: dawa, ujenzi, tehama, magari, chakula. Wenye ujuzi wa jumla ni wengi. Anayejua bei halisi ya nondo katika misimu miwili, na sababu za kupanda kwake, ni adimu, na hata kampuni za migodi, mabenki na mashirika ya misaada yatamtafuta. Mwanzoni mwa kazi usione haya kupangiwa stoo. Wengi huiona stoo kama adhabu, lakini ni humo utakapoona mwisho wa kila uamuzi: kile kilichonunuliwa kingi mno kikiozea kwenye rafu, na kile kilichosahaulika kikiulizwa kila asubuhi. Tembelea wanaokitumia ulichokinunua. Nenda wodini, nenda darasani, panda gari ulilolinunulia idara. Na weka mbali na kazi yako zawadi ndogo ndogo, kwa sababu mzabuni anayekulipia chakula cha mchana hajakosa mtu wa kula naye.

Ukiwa umehitimu na ajira haijapatikana, kumbuka kwamba sheria inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vya vijana hukosa fursa hiyo kwa kushindwa kusajili kikundi ipasavyo, kusoma masharti ya zabuni au kupanga bei. Mtaalamu wa ununuzi anayekaa upande wa pili wa meza na kuwasaidia wenzake kushindana kwa halali naye anaifanya taaluma yake.

Kwa wanaharakati, ombi langu ni kwamba tusisubiri kashfa. Ni rahisi kupaza sauti mabilioni yakishapotea. Ni kazi ngumu zaidi, na yenye manufaa zaidi, kuuomba mpango wa ununuzi wa halmashauri yako mwanzoni mwa mwaka wa fedha, kuusoma, na kuuliza kwa nini kata yenye zahanati haina fedha za jokofu la chanjo ilhali samani za ofisi zimetengewa fungu. Ulizeni kabla ya zabuni. Kisha rudini baada ya mkataba, mkahesabu.

Narudi kwenye neno "mafanikio". Kwa kipimo cha kijiweni, afisa ununuzi aliyefanikiwa ni yule aliyejenga ghorofa ambalo mshahara wake hauwezi kulieleza. Kipimo hicho kinaonekana kwa macho, ndiyo maana kina nguvu. Mafanikio ya kweli ya kazi hii kwa kawaida hayaonekani. Mama aliyejifungua salama kituo cha afya hajui kwamba miezi sita kabla mtu aliketi ofisini, akakadiria mahitaji ya glavu na dawa ya kuzuia damu kutoka, akaagiza mapema kutoka Bohari ya Dawa, akafuatilia, akahesabu maboksi yalipofika. Hatamjua mtu huyo wala hatamshukuru. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa.

Taifa linalotaka waundaji wa namna hiyo lazima liwalipe kwa haki, liwasajili kwa ukali, na liwalinde wanapoandika ukweli. Na kijana anayetaka kuwa mmoja wao aanze leo kwa jambo dogo lisilohitaji cheo wala bajeti: asitie sahihi yake chini ya idadi ambayo hakuihesabu.